Kiredio cha Kungwi

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Waliomjua hawahitaji kuambiwa, na wasiomjua hawatafaidika kitu. Kwetu Mkunya alikuwa Kungwi, basi. Makungwi ni wengi huko Newala, lakini ukisema "Kungwi" bila kuongeza neno, wanawake wote walijua unamsema yule mrefu, bega moja limeshuka, anayekutazama mikono kabla ya kukutazama usoni.

"Uso umekwenda shule," alikuwa akisema. "Mikono haikwenda."

Mimi ni mwali wake. Alinifunda: aliniweka ndani pamoja na wenzangu, akatufundisha mambo ya utu uzima kwa nyimbo, kama alivyowafundisha mama zetu wadogo na baadaye binti zetu. Nimezaa watoto watatu na kung'olewa magego mawili, lakini yeye aliendelea kuniita mwali. Wengine wote waliniita Mama Upendo. Mambo yenyewe aliyotufundisha siyasemi hapa, na asiyeyajua asitegemee kuyapata kwangu. Inatosha kujua kwamba nyimbo zile mwanaume hazisikii, wala msichana ambaye bado hajaingia ndani. Hazikuandikwa popote. Zilikaa kichwani mwa Kungwi, naye alikilinda kichwa hicho kama mtu anayelinda pipa la maji wakati wa kiangazi cha Newala.

Kazi yangu ilikuwa kinyume kabisa na yake. Nilikuwa na kibanda mjini Newala, upande wa sokoni, nikiwaingizia watu nyimbo. Mtu analeta memori kadi au flashi, anasema anataka nini, nami namjazia kutoka kwenye kompyuta. Yeye alikuwa mtu wa kuficha nyimbo na mimi mtu wa kuzitawanya. Tusingeweza kuaminiana, na kusema kweli hatukuaminiana.

Hata hivyo kiredio chake alikinunua kwangu.

Ilikuwa enzi zile empithrii ziko kila mahali, vile vichezeo vidogo vya nyimbo, vya ukubwa wa kiberiti, vyenye waya wa masikioni. Kijana wa Newala asiye na kimoja shingoni alionekana hajaamka. Mimi niliviuza vya rangi zote. Kungwi alikuja siku ya gulio, akasimama mbele ya kibanda muda mrefu akivikodolea macho, mpaka nikadhani amepotea njia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwali. Hivi vinapiga simu?"

"Havipigi, Bibi."

"Vinapigiwa?"

"Hapana."

"Kikiachwa mezani, kinaweza kwenda kusema kilichosikia?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alirudia swali lile lile, taratibu, mpaka nikamjibu kwa adabu kwamba hakiwezi. Ndipo akachagua cheusi, chenye kitundu cha kurekodia sauti, akanifanya nimwonyeshe mara tano jinsi ya kubonyeza. Tangu siku hiyo alikiita kiredio, ingawa redio hakikuwa nayo.

Nilikuja kujua baadaye alichokitakia. Alikuwa na mwenzake, mwanamke wa rika lake, ambaye miaka yote Kungwi akiongoza wimbo yeye ndiye anayeitikia. Mwenzake alikuwa mgonjwa na wote wawili walijua haponi. Basi mchana mmoja wa jua kali, watu wote wakiwa kwenye mikorosho wakiokota, wakajifungia jikoni kwa Kungwi wakaimba nyimbo zote za ndani, tangu ya kuingia mpaka ya kutoka, kiredio kikiwa kimewekwa juu ya kinu kilichofudikizwa. Mwenzake alifariki kabla ya mvua za kwanza. Tangu hapo nyimbo zile, zikiwa na sauti mbili kamili, zilikuwa mahali pamoja tu duniani: kwenye kile kitu cheusi, kilichofungwa kwenye kitambaa, kilichotiwa kwenye kopo la majani ya chai, lililofungwa kiunoni kwa Kungwi ndani ya nguo.

Simu alizichukia. Alisema simu ni mgeni mwenye mdomo. "Kikulacho ki nguoni mwako," alituambia wanawake wa Mkunya, "nanyi mmekitafutia na mfuko." Siku za unyago alisimama mlangoni na sufuria kubwa ya kupikia wali wa shughuli. Kila anayeingia alitumbukiza simu yake humo. Ikishajaa anafunika, anapindua ndoo juu ya mfuniko, anakaa juu ya ndoo. Mwaka fulani simu moja ililia chini yake wimbo mzima, ikanyamaza, ikaanza tena. Mwenye simu akanyanyuka. Kungwi akamwangalia tu.

"Iache ilie. Anayepiga anataka kusikia tunaimba nini."

Kumbe aliyekuwa akipiga ni padri. Kwetu, watu wa kanisa tangu enzi za misheni, wasichana wakitoka ndani padri huja kuwaombea, na siku ile alitaka kuulizia saa ya kufika. Hakujibiwa. Wasichana walisimama juani na magauni yao meupe mpaka saa nane, mmoja akaanguka. Kungwi hakuomba radhi. Alisema padri mwenye shida atume mtoto.

Lakini mtu huyo huyo, ukimkuta barazani kwa jirani, ndiye wa kwanza kuuliza simu ina habari gani. Hakuwa nayo, ila alitumia za wote. "Nipigie mwanangu wa Mtwara," anakuamuru, kisha anashika simu yako mbali na sikio anapiga kelele mpaka mbuzi wanakimbia. Picha za harusi za watu asiowajua alizitazama moja moja na kuzitolea hukumu. Nilipomwambia kwamba ameanza kuipenda simu, alinijibu kwamba mtu anaweza kupenda ngoma ya nyumba ya jirani bila kutaka kulala humo. Hapo alinishinda.

Kwa miaka tulibishana jambo moja. Mimi nilimwambia viredio vile vimefika mwisho. Nilikuwa naona kwa macho yangu. Kwanza vijana waliacha kuvivaa, kisha wakaacha kuvileta vikiharibika, mwisho nikabaki na boksi zima ambalo hakuna aliyeliuliza. Simu imemeza tochi, saa, kalenda, kamera, na sasa imemeza kiredio. Nilimwambia hivyo hivyo.

"Na kilichomezwa kiko wapi?" akauliza.

"Kiko ndani ya simu, Bibi. Nyimbo zako zinaweza kukaa humo vizuri tu."

"Kama Yona."

"Yona alitoka salama."

"Alitapikwa," akasema Kungwi. "Tena mbele za watu."

Alikuwa na fikra yake kuhusu suala hilo, na sijaisikia kwa mtu mwingine. Alisema kitu hakifi kwa sababu kimezeeka, kinakufa kwa sababu watu wameona aibu kuonekana nacho. Vinu viko, mawe ya kusagia yapo, nani amevunja? Mtu ameficha cha kwake nyuma ya nyumba tu. Viredio navyo vingerudi, alisema, siku watu watakapochoka kusikilizwa na vitu wanavyovisikiliza. Nilimwona mkaidi. Siku hizi sina uhakika sana na ubishi wangu.

Kuna safari moja niliyokwenda Masasi kuchukua bidhaa nikamtafutia kiredio kipya kwa hiari yangu, maana cha kwake kilikuwa kimeanza kuchoka. Niliulizia maduka sita. Mwenye duka mmoja aliniuliza kama nimetoka gerezani. Mwishoni nikakipata kimoja, kimefunikwa vumbi, kizuri, chembamba, nikampelekea Mkunya nikijiona nimetenda jambo. Alikishika, akakigeuza. Pembeni kilikuwa na kitaa kidogo cha buluu kinachowaka na kuzima, kwa sababu kilikuwa na blutuu.

"Kinamkonyezea nani?" akauliza.

Nikamweleza kwamba kinatafuta kifaa kingine cha kuungana nacho.

"Kabla hata hakijanijua mimi kimeshatafuta mwingine." Akanirudishia kwa ncha za vidole. Alinipa ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, nikala njiani, na nina hakika alihesabu hatua zangu mpaka nilipopotea.

Sasa niseme habari ya waya.

Baada ya mwenzake kufa, watu walianza kumwona Kungwi akiwa ndani na wasichana anavaa kilemba kizito, hata kwenye joto, kimeshuka mpaka shavuni upande wa kulia. Mwenye macho haambiwi tazama. Chini ya kilemba palikuwa na waya mwembamba mweusi unaoshuka shingoni mpaka kiunoni. Minong'ono ikaanza. Mmoja alisema ni dawa, amefungwa na mganga wa ng'ambo ya Ruvuma ili sauti isikauke. Mwingine akasema anasikiliza mpira. Mimi ninayejua waya ni wa nini nilimshuku jambo baya zaidi, sikuthubutu kulisema hata kwa mume wangu.

Lilifichuka kwenye unyago wa binti yangu, Upendo. Nilikuwepo kama mama wa mwali. Kungwi alikuwa akiongoza vizuri, anazunguka, bega lake lililoshuka likicheza peke yake, na aliyeitikia sasa alikuwa Mama Faraja, mwanamke wa makamo, mke wa mzee wa kanisa, aliyechukua nafasi ya marehemu. Katika kugeuka, waya ukanaswa na ukindu wa mkeka uliotundikwa ukutani. Ukachomoka. Kungwi akanyamaza katikati ya ubeti. Alisimama mdomo wazi, na macho yake yakaanza kutafuta darini, kona hadi kona, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Wasichana wakamtazama. Mama Faraja akadaka ubeti, akauimba mpaka mwisho, vibaya, akiruka maneno.

"Mnacheka nini?" Kungwi akawafokea wasichana. Hakuna aliyekuwa amecheka. Akawachapa maneno ya Chimakonde mpaka wawili wakalia, na katika kelele hiyo akaupachika waya tena sikioni.

Ndipo nikajua kwamba nilichokishuku ndicho. Kungwi alikuwa amezisahau. Kiredio kilikuwa kinamwambia wimbo sikioni, nusu neno kabla, naye anausema. Yeye hakuwa tena na nyimbo kichwani, na kiredio kile kikifa, Kungwi hayupo, na nyimbo hazipo. Niliogopa sana, nakiri. Nilimhurumia pia, lakini woga ulitangulia.

Kwa hiyo aliponiletea kiredio kibandani, hakishiki chaji, mimi nilikuwa nimeshaamua kabla hajafungua kopo.

Alikaa mbele yangu, magoti yakigusa meza. Masharti yalikuwa manne: nisisikilize chochote, nisikiondoe machoni pake, nisikifungue bila yeye kuona ndani, na mlango wa kibanda ufungwe. Nikamwambia kinahitaji kuungwa kwenye kompyuta ili kipate chaji kidogo kidogo. Hilo lilikuwa kweli. Nikakiunga. Kikawaka. Kisha nikabonyeza mara mbili tatu, na kwenye kioo ukatokea mstari wa kijani unaotembea kutoka kushoto kwenda kulia, maana nilikuwa nanakili nyimbo zake zote.

"Huo mstari wa kijani unakwenda wapi?"

"Ni chaji, Bibi. Inajaa."

Akautazama mstari ukitembea mpaka mwisho. Dakika zile chache nilizeeka. Nilijiambia namsaidia, naokoa mali ya wanawake wote wa Mkunya. Mficha uchi hazai, nikajisemea. Lakini mtu akisema kweli aseme yote: nilitaka pia kuwa nazo. Miaka yote nimetawanya nyimbo za watu nisiowajua, na zile za kwetu nilizozililia nikiwa msichana sikuwa na hata moja. Mstari ulipofika mwisho Kungwi akashusha pumzi, akasema, "Kimeshiba." Akakifunga kwenye kopo lake akaondoka.

Nikabaki na tatizo la mwizi yeyote, yaani pa kuficha. Kompyuta yangu iliguswa na watu. Mume wangu aliifungua, wateja walisimama nyuma yangu wakichagua kwa kidole. Nikafikiri: ni mahali gani hakuna kijana atakayetaka kuchungulia? Nikaziweka ndani ya faili la kwaya za zamani. Vijana wa Newala wa siku hizi hawaulizii kwaya za zamani. Nilijiona nina akili kuliko wote.

Wa kuziulizia alikuwepo. Mume wa Mama Faraja, mzee wa kanisa, mtu mpole asiye na makuu, alileta memori kadi ya redio yake akasema, "Mama Upendo, nijazie kwaya zote ulizonazo, hasa za zamani." Nilikuwa na wateja saba. Nikachukua faili zima, nikamjazia, nikamwambia Mungu ambariki.

Kesho yake asubuhi Mama Faraja aliingia kibandani bila kupiga hodi. Alisubiri mteja aliyekuwepo atoke. Kisha akaninong'oneza.

"Mume wangu kasikia sauti ya Kungwi kwenye redio."

"Kasikia mpaka wapi?"

"Nilikuwa nyuma ya nyumba naanika korosho. Nilipofika ndani alikuwa anaitikia."

"Anaitikia?"

"Kashika na kiitikio. Ananiambia, sikiliza mama, hii ni kwaya ya wenzetu wa upande wa Msumbiji, wana sauti nzuri hawa."

Hatukucheka siku hiyo. Tumekuja kucheka baadaye sana, sisi wawili, tena kwa kujificha. Lugha haikumfikia, mshukuru Mungu. Mzee yule ni mzaliwa wa pwani, Chimakonde chake kinaishia kwenye salamu. Mama Faraja akatoa memori kadi kwenye pindo la kitenge, akaitia kati ya meno, akaivunja. Akavitema vipande kiganjani.

"Zingine ziko wapi?"

"Kwenye kompyuta. Zote."

"Kungwi anajua?"

"Hajui."

Alifikiri. Yeye ndiye aliyesimama karibu na Kungwi kila unyago, akaona waya, akaona na macho yanayotafuta darini. "Usizifute," akasema. "Zitoe kwenye kwaya, zitie mahali asipofika mtu. Na mimi sijaingia humu leo." Nikazihamishia kwenye flashi moja, nikaitia kwenye mfuko wa vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Tangu hapo nilimkwepa Kungwi. Kila aliponitazama mikono niliificha chini ya meza. Alikuwa na tabia ya kusema maneno yanayomgusa kila mwenye kosa: "Yupo mmoja wenu hapa," anaanza, na kila mwanamke anajikagua. Mara moja, baada ya ibada, alisimama mlangoni mwa kanisa akanishika kifundo cha mkono, akasema, "Yupo mmoja wenu," akaniachia, akaenda kumshika mwingine. Nilikaa wiki nzima bila hamu ya chakula. Sikujua kama anajua. Ukiishi na mtu anayemshuku kila mtu, huwezi kujua siku anayokushuku wewe kwa haki.

Mume wangu akapata kazi Masasi, tukahamia Mkomaindo, hapo hapo mjini, nami nikafungua kibanda kingine huko. Nyimbo siingizi tena sana. Nauza kava za simu, chaja, vioo. Miaka ikapita bila kumwona.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka jana, kabla tu ya korosho kuanza kudondoka. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Mama Faraja alikuwa amemleta hospitali kupima macho, wakapita kwangu. Bega lililokuwa limeshuka sasa lilikuwa limeungana na la pili, yote mawili yameshuka. Nikamwamkia kwa magoti.

"Marahaba, mwali," akasema. Sikuwa na hakika kama amenijua mimi au ameona tu mwanamke anayemwamkia kwa magoti.

Mama Faraja akaweka kopo mezani. Niliposikia linavyogonga nilijua. Betri ilikuwa imevimba kama andazi, imepasua mgongo wa kiredio, na ndani kote kumeota ukungu wa kijani. Kilikufa tangu masika, Mama Faraja akaniambia pembeni. Likizo ya Juni wasichana waliingia ndani, Kungwi akasimama mbele yao, akawatazama, akakaa. Mama Faraja alijaribu peke yake. Aliimba nyimbo nne akakwama. Likizo ya Desemba wasichana wengine kumi na mmoja wanangoja, na mama zao wameanza kusema basi tuache, mambo yenyewe yamekwisha.

"Mwali, kitengeneze," akasema Kungwi.

"Hakitengenezeki, Bibi. Kimekufa."

"Kichaji. Kikishiba kitaamka."

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Nikapiga magoti tena, mbele ya kava za simu na vioo, nikamwambia. Nikamwambia ile siku ya chaji nilimdanganya, mstari wa kijani haukuwa chaji, niliziiba nyimbo zote na ninazo mpaka leo. Nilikuwa nimelibeba neno hilo miaka, nalitoa nikingoja kofi au laana.

"Mstari gani?" akauliza Kungwi, kwa upole, kama anayeongea na mtoto anayeota.

Mama Faraja akageuza uso. Aliyekuwa na haki ya kunihukumu alikuwa ameshaondoka, na huyu aliyekaa mbele yangu hakuwa na habari.

Nikaitoa flashi kwenye mfuko wa vyeti niliouweka kibandani, nikaichomeka kwenye kompyuta, nikamtia Kungwi waya sikioni mwenyewe, kwa mikono yangu. Nikabonyeza.

Alisikiliza. Kidole chake kimoja kikaanza kupiga paja. Kisha uso wake wote ukafunguka, akatabasamu tabasamu ambalo katika miaka yote sikuwa nimeliona.

"Mwenzangu huyu," akasema. "Anaitikia. Mnamsikia? Mwenzangu!"

"Ndiye, Bibi," akasema Mama Faraja, machozi yanamtoka.

Wimbo ukaendelea. Tabasamu likapungua. Akainamisha kichwa upande, akasikiliza kwa makini, na nikamwona Kungwi ninayemjua akirudi polepole, macho yakiwa membamba.

"Na huyu anayeongoza ni nani?"

Mama Faraja akajifuta machozi.

"Nauliza. Huyu mwanamke ni nani? Anaimba kama anayetafuna. Kampata wapi mwenzangu? Nyimbo hizi kapewa na nani?"

"Bibi," akasema Mama Faraja, "huyo ni wewe."

"Mimi nipo hapa," akasema Kungwi. "Sijafungua mdomo."

Alichomoa waya sikioni. Alisema huyo ni mwizi, amemhadaa mwenzake mgonjwa, amemfuata jikoni wakati mwenyewe hayupo, na sasa nyimbo za wanawake wa Mkunya ziko Masasi, kwenye kioo, barabarani. Akanyoosha kidole kwenye kompyuta.

"Futa. Futa yote, nikiona."

Nikamtazama Mama Faraja. Alitikisa kichwa, kidogo sana, kukataa. Kungwi alikuwa amesimama juu yangu, ameshika meza, anapumua kwa nguvu. Kama ningetii, ningezimaliza nyimbo zetu kwa kidole kimoja, kwa amri ya mwenyewe. Kama nisingetii, ningemdanganya tena mwanamke aliyenifundisha kwamba mwali hamdanganyi kungwi wake. Nikafunga dirisha la nyimbo kwenye kioo. Kioo kikabaki cheupe. Nikaichomoa flashi.

"Nimefuta, Bibi."

"Apa."

Nikaapa. Nilimtaja Mungu na nikawataja wanangu wote watatu kwa majina.

Akakaa chini taratibu. Akaomba maji, akanywa, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. Nilipozunguka meza kuwasindikiza nilimpa Mama Faraja flashi kiganjani, naye akaifundika kwenye kitenge bila kuniangalia. Kabla ya Desemba angejifungia jikoni kwake na redio, mzee akiwa kanisani, na kuzijifunza moja moja.

Mlangoni Kungwi alisimama akageuka, akaniwekea mkono kichwani kama alivyofanya siku niliyotoka ndani.

"Huyu ninamwamini," akamwambia Mama Faraja. "Wengine wote wangenidanganya."

Nilimjua tangu nikiwa msichana, na sikuwahi kumsikia akisema hivyo juu ya mtu mwingine yeyote.